Sentimita za Mzee Isidori

Naapa kwa reli yote ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, taruma kwa taruma, kwamba habari hii ni ya kweli na sikuongeza kitu. Wapo watu hapa mjini watakaokwambia kwamba jambo lolote linalotoka kwa Mzee Isidori wa Makanyagio uligawanye kwa mbili kwanza ndipo ulisikilize. Wana sababu zao, na sigombani nao. Lakini hili usiligawanye. Lichukue zima, maana waliokuwepo bado wapo hai, na mmoja wao ana hasira za karibu.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tatu, Recho alipoingia na mashine. Recho ni mtaalamu wa viungo pale hospitalini, yule anayewarudisha kwenye miguu waliovunjika na waliopooza. Mzee Isidori aliitazama ile mashine akaidharau. Alikuwa ametegemea kitu cha kubebwa na watu wawili, akaona kidude cha kuenea kiganjani, chenye kioo kidogo cha namba, nyaya mbili, na vibandiko vinne vya gundi kama plasta kubwa.

Binti yake, Annonciata, alikuwa amelala kitandani chumba cha mbele, mguu wa kushoto umenyooshwa. Wiki saba zilikuwa zimepita tangu apasuliwe goti Mwanza. Yeye ni fundi umeme wa majumbani. Aliruka kutoka kwenye kenchi ya nyumba aliyokuwa akitandaza nyaya, akatua vibaya, na kano ya katikati ya goti ikakatika. Madaktari wakamtengenezea nyingine kwa kutumia nyuzi za nyuma ya paja lake mwenyewe. Goti lilipona, kovu likakauka. Kilichobaki nyuma ni paja. Lilikuwa limesinyaa kama gunia lililotolewa nusu ya mahindi, na akiambiwa alikaze, linamtazama tu.

Recho alianza kwa kuondoa kanga iliyokunjwa chini ya goti. Marsela, mama wa Annonciata, ndiye aliyeiweka ili mwanaye alale kwa raha. Aliposikia kwamba raha hiyo ndiyo inayolifanya goti lisahau kunyooka, alienda jikoni, na vyungu vikasikika. Kisha Recho akaomba futikamba ya kushonea. Akapima sentimita kumi juu ya kifuniko cha goti, akaweka alama ya kalamu, akazungusha. Paja la kulia, hamsini na moja. La kushoto, arobaini na tano.

Akaeleza kwamba msuli haujafa. Goti likishakatwa, ubongo unaogopa na kuuzima. Msuli upo mahali pake, taarifa ndiyo haifiki. Annonciata alicheka kidogo kwa mara ya kwanza wiki ile, akasema hilo analielewa kuliko mtu yeyote humo ndani: waya upo, moto haufiki.

“Basi hii inaleta moto,” Recho akasema. “Sekunde kumi inashika, sekunde hamsini inaachia, mara kumi na tano, siku tatu kwa wiki. Unapandisha namba mpaka paja lijikunje lenyewe, mpaka pale unapoona sasa siwezi zaidi. Na ikikushika, wewe nawe ukaze. Usiiachie mashine kazi peke yake.”

Hapo ndipo penye jambo ambalo Recho hakulijua. Kitu cha kwanza Annonciata alichofundishwa chuoni, kabla hata hajashika bisibisi, ni kwamba waya usioujua unaugusa kwa mgongo wa kiganja, ili ukiwa na umeme mkono ujikunje na kukutoa, usije ukaung’ang’ania ukafa nao. Miaka tisa juu ya ngazi, mwili wake ulikuwa umefunzwa jambo moja tu kuhusu umeme: ukiusikia, kimbia. Sasa anaambiwa akae nao na aukumbatie.

Vibandiko vikabandikwa pajani. Namba ilipofika nane alisikia kama siafu wanapita, akasema inatosha. Recho akapeleka kumi na tano. Paja likaruka, na kabla mtu hajapumua Annonciata alikuwa ameshabandua vibandiko vyote vinne na kuvishika mkononi. Recho alicheka, akasema amewahi kuwawekea wazee wa Karema ambao hawajawahi kuwa na taa ndani, na hakuna aliyebandua.

“Wao hawaujui,” Annonciata akajibu.

Recho alikuwa na mkoa mzima wa kuzunguka. Aliiacha mashine kwa sharti kwamba atarudi baada ya wiki sita, au mapema zaidi ikionekana mambo hayaendi. Mtu wa kumpa habari akawa Mzee Isidori, kwa kuwa macho ya Marsela hayasomi tena vinamba vidogo na mgonjwa hawezi kujipima mwenyewe akiwa amelala. Kila Jumamosi apime paja palepale penye alama, atume ujumbe. Mzee akakubali kwa kifua mbele. Miaka thelathini na moja alikuwa stesheni akipeleka taarifa. Hii ya paja moja itamshinda nini.

Kilichokuwa kinasubiri kwenye hizo namba wote walikijua. Farhan, mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na soko, ndiye anayepata tenda, na Annonciata ndiye fundi wake mkuu. Mwezi wa tano kulikuwa na zahanati ya kutandazwa nyaya huko Mwese, milimani. Farhan alikuwa amemwekea nafasi. Alisema anamwekea, hakusema mpaka lini, na Annonciata alilala kila siku akiliwaza hilo ambalo halikusemwa.

*

Wageni walikuja, kama wanavyokuja kwa mgonjwa, na sukari na sabuni za mche. Kila mmoja alifunua shuka akatazama mguu, maana kuja kumwona mgonjwa bila kuuona ugonjwa wenyewe ni kama hujafika. Wengine waliguna. Jirani mmoja alisema amewahi kuona kuku mwenye paja kubwa kuliko hilo, akacheka peke yake. Annonciata alijifunza kuishika ncha ya shuka kwa mkono mmoja akiwa anasalimia kwa mkono mwingine.

Mzee Isidori aliwapunguza wageni kwa njia yake. Aliwaita barazani kabla hawajaingia, akawaeleza kwamba madaktari walikosa misumari ya kufungia kano mpya, wakampigia simu yeye, akawaambia watumie boliti ya reli, ile ya urefu wa kidole, na kwamba usiku kukiwa kimya goti linasikika likilia kama behewa linapinda kona ya Ugalla. Waliokuja kuona paja wakaondoka wakizungumzia boliti. Annonciata alimsikia kupitia dirishani na hakumkanya.

Jumamosi ya kwanza, arobaini na tano. Ya pili, arobaini na tano. Ya tatu, Mzee Isidori alivaa miwani, akaivua, akaipangusa, akaivaa tena. Futikamba ilikuwa imekaa palepale, kama iliyoshonewa kwenye namba. Annonciata alikuwa amegeukia ukutani. Siku hizo chakula kilikuwa kinarudi jikoni nusu sahani.

“Sema basi, baba.”

Sasa, Mzee Isidori kwa maisha yake yote hakuwahi kumpa mtu habari mbaya kama angeweza kuichelewesha. Pale stesheni watu walimjia na watoto na matenga ya kuku wakiuliza treni iko wapi, naye akiwaambia imeshavuka Ugalla, hali anajua haijatoka hata Kaliua. Watu walitandika kanga wakalala kwa amani. Asubuhi treni ilikuwepo, na ni nani aliyekumbuka kumdai? Alitazama ule mgongo uliogeukia ukuta, mgongo wa mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, akaona ni yuleyule aliyekuwa akimbeba begani kwenda kutazama injini.

“Arobaini na sita,” akasema.

Annonciata aligeuka. Akauliza kama ana hakika. Mzee akasema futikamba ni ya mama yako, mkaulizane. Mchana ule sahani ilirudi jikoni tupu, na Marsela, ambaye hakujua lolote, aliimba wimbo wa kanisani kuanzia mwanzo mpaka mwisho akiosha vyombo. Mzee akamtumia Recho ujumbe: 46. Recho akajibu kwamba ni vizuri sana, waendelee hivyohivyo, na kwa kuwa mambo yanaenda ataanza kwanza na wagonjwa wa mbali.

Jumamosi iliyofuata ikawa arobaini na sita na nusu. Iliyofuata, arobaini na saba. Mzee alikuwa amegundua kwamba ukiweka kidole chini ya futikamba wakati wa kuzungusha, uongo unatoka wenyewe na wewe unausoma tu. Jambo hilo lilimpunguzia dhambi kwa kiasi fulani.

*

Siku moja aliingia wakati mashine inafanya kazi. Annonciata alikuwa amelala chali, simu mkononi, anasoma mambo yake. Paja lilikuwa limetulia tuli. Kama si ile taa ndogo ya kijani kuwaka na kuzima, ungesema hakuna kinachoendelea. Mzee aliinama kwenye kioo. Namba ilikuwa nane.

Akamkumbusha kwamba Recho alisema mpaka paja lijikunje. Akasema taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua.

“Baba, kwa nane tu tumepata sentimita mbili,” Annonciata akasema, na alikuwa na furaha ya kweli usoni. “Kuna haja gani ya kujichoma kwa ishirini? Mimi huu nimeuzoea. Mashine inafanya kazi yake polepole, mimi nimetulia.”

Mzee Isidori alitoka akakaa barazani. Alitaka kumpa moyo, kumbe amempa sababu. Kila sentimita aliyoiongeza kwa kidole chake ilikuwa imeishikilia ile namba kwenye nane. Kama angesema ukweli Jumamosi ya tatu, mtoto angelia siku mbili, angempigia Recho, Recho angekuja akampandisha mpaka paja liruke, na leo pengine kungekuwa na sentimita halisi, hata moja. Alikaa hapo mpaka chai ikapoa.

Jumamosi akajaribu kurudi nyuma kidogo kidogo. Akasema arobaini na sita. Annonciata akashtuka, akasema amepima vibaya, alama ya kalamu imefutika, apime tena. Macho yake yalikuwa yamejaa maji tayari. Mzee akapima tena. Ikawa arobaini na saba na nusu, kubwa kuliko zote.

Kwa namna hiyo, mwezi wa nne ulipokuwa unaisha, paja la Annonciata lilikuwa limefika arobaini na tisa, na kuna siku Mzee Isidori mwenyewe alilitazama akaona kama kweli limenenepa.

*

Farhan alipiga simu siku ya Ijumaa. Safari ya Mwese imewahishwa, lori linaondoka Jumatatu kabla mvua za mwisho hazijaiharibu zaidi njia. Akasema hamlazimishi, anauliza tu. Annonciata alikuwa ameshasimama kabla simu haijakatika. Alivaa suruali yake ya kazi, ile yenye mifuko ya pembeni, akaikaza mkanda tundu mbili ndani, akatoka bila gongo. Mzee alimfuata, hatua ishirini nyuma, akiona jinsi goti la kushoto linavyofungwa kama mlango kila linapokanyaga, kwa sababu paja halina nguvu ya kulishikilia likiwa limekunjwa kidogo.

Dukani kulikuwa na wateja wanne watano. Farhan alikuwa nyuma ya kaunta, na mkewe Hadia kando yake kwenye kiti cha fedha. Abuu, msaidizi wa Annonciata, alikuwa akikunja nyaya. Farhan alifurahi kumwona fundi wake amesimama. Alimuuliza maendeleo, na Annonciata akataja arobaini na tisa kama mtu anayetaja alama zake za mtihani. Kulikuwa na taa iliyokufa pale darini, na ngazi ilikuwa imeegemea rafu. Hakuna aliyemwambia aitengeneze. Aliichukua ngazi mwenyewe, akaisimamisha, akaweka mguu wa kulia kwenye kipandio cha kwanza.

Mzee Isidori aliishika ngazi kwa mikono miwili.

“Teremka, mama,” akasema. “Hizo sentimita ni za kwangu. Nimezitunga.”

Duka zima likacheka. Mteja mmoja akauliza kama na ile boliti ya reli kaitunga. Farhan alipangusa macho.

“Mzee wangu, sisi tunakujua. Leo unataka kutuambia unasema kweli?”

“Leo nasema kweli.”

Wakacheka zaidi. Mzee Isidori alisema tena, akaeleza kuhusu kidole chini ya futikamba, akaonyesha kidole chenyewe, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa hadithi nzuri. Hakuwahi kujua kwamba watu wakishakuzoea, hata ukweli wako wanaupokea kwa meno nje. Annonciata peke yake hakucheka. Aliinama kutoka kwenye kipandio, akamwambia kwa sauti ya chini, kama vile hapakuwa na mtu mwingine:

“Hutaki niende Mwese, baba. Toka naenda chuo hukutaka nipande juu. Sema hilo. Usinitungie paja langu.”

Mzee alijua kwamba hilo nalo lilikuwa kweli. Akageukia kaunta. Akamwomba Hadia, kwa heshima zote, achukue futikamba yoyote, ampeleke binti yake nyuma ya pazia, apime sentimita kumi juu ya goti. Hadia alimtazama mumewe. Farhan alikuwa ameacha kucheka. Alitikisa kichwa kukubali.

Walikaa nyuma ya pazia muda mrefu kuliko inavyohitajika kupima kitu. Wateja walijifanya kutazama bei za swichi. Halafu sauti ya Hadia ikatoka, sauti yake ileile ya kutaja chenji, kwa sababu hakujua uzito wa alichokuwa anakisoma.

“Arobaini na tano na nusu.”

Kukawa na kunong’ona, kisha sauti ileile tena: “Nimepima mara tatu, mdogo wangu. Ni hiyo.”

Annonciata alitoka akifunga mkanda. Hakumtazama mtu. Farhan alizungusha kalamu kwenye kaunta, akasema Mwese ataenda Abuu. Abuu akainama zaidi kwenye nyaya zake. Mpaka wiki ile alikuwa bado anampigia Annonciata kumuuliza waya upi unaingia wapi. Farhan akaongeza kwamba mwezi wa kumi kuna nyumba za walimu Karema, na nafasi ipo, ila safari hiyo atataka kusikia neno kutoka kwa Recho mwenyewe, si kwa mzee. Alilisema bila ukali. Annonciata akaitikia sawa, akamwelekeza Abuu asisahau kubeba sakiti breka za akiba, akaondoka.

Mzee alibaki ameishika ngazi ambayo haikuwa na mtu.

*

Siku tisa Annonciata hakusema na baba yake. Akitaka kitu, alimwambia mama yake, na Marsela akakileta neno kwa neno hata wote watatu wakiwa chumba kimoja: mwambie baba asogeze kiti, mwambie baba redio iko juu sana. Marsela mwenyewe alikuwa na lake. Siku ya pili alimwambia mumewe, akichambua maharage, kwamba yeye aliweka kanga chini ya goti kwa kutojua, lakini mwenzake aliweka kidole akijua. Halafu akaendelea kuchambua.

Recho alikuja siku ya kumi. Alipima mwenyewe, akakaa pembeni ya kitanda. Mzee alitarajia kufokewa na alikuwa amejiandaa. Recho hakufoka.

“Namba zako ziliniambia huku hakuna haraka,” alisema. “Nikakaa kwa wengine. Wiki sita hizi, mzee, hazinunuliwi popote.”

Kisha akataka kuona mashine inavyotumika. Annonciata akabandika, akaweka nane, akalala. Recho alitazama lile paja lililotulia, akatazama namba, akaelewa yote. Akaeleza upya kwamba kwa nane anasikia umeme kwenye ngozi tu, msuli haujaambiwa kitu. Annonciata akasema anajua, sasa anajua, ila ikifika kumi na mbili mkono wake unaenda kubandua wenyewe, wala hauombi ruhusa. Alisema hivyo akitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Halafu akasema jambo la kwanza kumhusu baba yake tangu dukani.

“Muwekee yeye kwanza. Nataka kuona.”

Recho akamuuliza mzee kama ana tatizo la moyo au kifaa chochote kifuani. Mzee akajibu hana, na wanawake wote watatu, Marsela akiwemo, wakamkazia macho mpaka akarudia: hana. Akakunja suruali, akakaa kwenye stuli. Vibandiko vilikuwa vya baridi. Nane, siafu. Kumi na mbili, siafu wenye hasira. Kumi na nane, kitu kikamshika paja kama dobi anayekamua nguo. Ishirini na mbili, mguu ukanyooka wenyewe ukapiga ndoo ya maji, stuli ikalala, na Mzee Isidori akawa chini anawaita watakatifu kwa majina, pamoja na wawili ambao Marsela alisema hawapo. Marsela alicheka mpaka akakaa sakafuni kwenye maji.

Annonciata hakucheka. Alikuwa anatazama jinsi ule msuli wa kizee ulivyojikunja, ukatoa umbo lake lote juu ya goti, kisha ukaachia, na mwenye nao yuko hai anatukana stuli.

“Haukukuunguza,” akasema.

“Haukuniunguza. Umenidhalilisha tu.”

“Njoo unishike mikono.”

Mzee alimshika mikono yote miwili, kwa nguvu, ili isiende kubandua. Recho akapandisha. Kumi na mbili, kumi na tano. Kwenye kumi na nane vidole vya Annonciata vilizama kwenye viganja vya baba yake, naye mzee akahesabu kwa sauti, moja mpaka kumi, kwa mwendo wa saa, bila kuruka namba. Recho akamwambia Annonciata akaze nayo, akaze, asiukimbie. Na kifuniko cha goti, ambacho tangu mwezi wa kwanza kilikuwa kimekaa kama kimesahauliwa, kikapanda juu kama kimevutwa na kamba. Wote walikiona.

Akafanya mara kumi na tano. Alilia kuanzia ya tatu mpaka ya kumi na moja, kisha akaacha kulia kwa sababu alikuwa anahesabu na yeye.

Jioni alitangaza sheria ya nyumba. Kuanzia siku hiyo Hadia ndiye atakayepima. Kazi ya baba ni kushika mikono na kuhesabu. Na kila sentimita ya uongo itakayosemwa na mtu yeyote humo ndani, popote, kwa nia yoyote hata iwe njema namna gani, italipwa kwa sekunde kumi za ishirini na mbili kwenye paja la aliyeisema, na nusu inahesabiwa nzima.

*

Yaliyofuata hayana utamu wa kusimuliwa, maana yalikuwa yaleyale kila siku. Mashine mpaka mwezi wa saba. Kisha mfuko wa mchanga kwenye kifundo cha mguu, kukaa na kusimama, kupanda na kushuka kizingiti cha mlango wa nyuma mpaka saruji ikang’aa. Kuna wiki paja lilikaa palepale na Hadia akalisema hivyohivyo, na Annonciata akageukia ukuta kama zamani, na Mzee Isidori akakaa naye bila neno la kumpa. Aligundua kwamba kukaa na mtu bila neno la kumpa ni kazi ngumu kuliko zote alizofanya relini. Mwezi wa sita, arobaini na sita. Mwezi wa saba, arobaini na saba na robo. Abuu alirudi Mwese na zahanati ikawaka, ingawa swichi ya chumba cha sindano aliifunga juu chini.

Recho alisema futikamba inapima unene, haipimi nguvu. Mtihani wake ulikuwa benchi. Ukae, mikono imefungwa kifuani, mguu mzima uinuliwe, usimame kwa mguu uliopasuliwa peke yake. Mwezi wa nane Annonciata aliinuka kidogo akaanguka kwa makalio. Mwezi wa tisa, katikati, Recho akiwepo, Farhan na Hadia wamesimama mlangoni, alijaribu mara ya kwanza akayumba. Mara ya pili akasimama. Akakaa polepole, bila kujitupa, akasimama tena, na tena, mpaka kumi. Farhan alimtazama Recho, Recho akaitikia kwa kichwa, naye akasema lori la Karema linaondoka tarehe nne.

Na siku hiyohiyo Hadia alipima paja lile, na futikamba ikasoma hamsini na moja kamili, sawasawa na mwenzake, bila tofauti hata ya unene wa uzi.

“Arobaini na tisa na nusu.”

Sikumsikia akiingia. Amesimama nyuma ya kiti changu na begi la Karema begani, anasoma karatasi hizi juu ya bega langu, sijui tangu ukurasa upi. Nikamwambia hiki ni kitabu, Mzee Isidori ni mtu wa kitabuni, na paja la kitabuni linaweza kunenepa kidogo bila kumuumiza mtu. Akaniuliza kama huyo mtu wa kitabuni naye anakaa Makanyagio, ana mke anayeitwa Marsela, na anavaa miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Nikasema wapo wengi.

“Futa, baba. Andika ilivyokuwa.”

Basi: arobaini na tisa na nusu. Limebaki dogo kuliko mwenzake kwa sentimita moja na nusu, na Recho anasema huenda likabaki hivyo, na linapanda ngazi.

Mashine bado ipo kabatini, inarudi hospitali kesho. Ameitoa. Amesema moja na nusu ni raundi mbili, lori litamsubiri, na niache kuandika nikunje suruali. Vibandiko ni vya baridi vilevile. Ameishika mikono yangu yote miwili, kwa hiyo haya ya mwisho nimeyaandika baada ya raundi ya kwanza, na ya pili hiyo ina